SHAURI LA JUMA: Kumchagua Mwalimu wa Gitaa la Besi

Juma hili nimepata barua ya kijana mmoja wa Nakuru, ambaye jina lake nitalihifadhi. Aeleza kwamba yumo katika bendi ya vijana wa kanisa lao, na mpigaji wao wa gitaa la besi amehamia mji mwingine kwa ajili ya kazi. Wenzake wamemkabidhi yeye gitaa hilo, wakimwambia, "Solo imekushinda, lakini besi ina nyuzi nne tu, hutashindwa." Amejiwekea fedha kidogo kwa kuuza mayai, naye amepata waalimu wawili. Mmoja ni mpigaji mwenye sifa kubwa mjini, atakaye alipwe miezi mitatu kabla ya somo la kwanza. Wa pili hajulikani sana, naye alimjibu neno moja tu: "Njoo kwanza nikusikie." Kijana auliza amfuate yupi, maana fedha zake zamtosha mmoja, wala hana nyingine.

Kabla sijamjibu, yanipasa kuyasahihisha maneno ya wenzake. Besi si chombo cha walioshindwa. Nyuzi zake nne hufungwa kwa sauti za E, A, D na G, oktava moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, na kazi yake ni kumwunganisha mpiga dramu na waimbaji. Mpigaji wa solo akikosea nota moja, wengi hawatambui. Lakini mpigaji wa besi akiharakisha, bendi nzima hukimbia naye, na kwaya hukosa nafasi ya kuvuta pumzi. Hali kadhalika katika benga yetu, besi haijifichi nyuma ya magitaa mengine, bali husikika wazi ikijibizana na solo. Chombo cha namna hii chataka mwalimu wake hasa.

Mimi mwenyewe niliponzwa na sifa nilipokuwa kijana. Nilimfuata mpigaji hodari, nikamlipa miezi mitatu kwa mara moja. Kila nilipokwenda alipiga yeye, nami nikatazama nikistaajabu. Hakuniuliza niko wapi wala nataka kufika wapi. Muda ulipokwisha nilijua wimbo mmoja, nao kwa mwendo mbaya, na kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilikuwa kikiniuma hata kushika kalamu. Nilipomweleza maumivu yale, aliniambia nivumilie, kwamba ndivyo wanaume wanavyojifunza.

Baadaye mzee mmoja aliyefundisha kwaya, asiyeweza kupiga hata nusu ya yule wa kwanza, aliniambia niliweke gitaa chini. Akaniamuru nitembee chumbani nikipiga makofi huku yeye akihesabu. Ndipo nilipogundua kwamba kila baada ya makofi machache mimi nilikuwa natangulia mbele yake. Tatizo langu halikuwa vidole. Lilikuwa mwendo, na kwa miezi mitatu hakuna aliyelisikia. Tangu siku hiyo nimeshika neno hili: mwalimu ni yule anayekusikia wewe, si yule unayemsikia yeye.

Nisieleweke vibaya, siwadharau wapigaji hodari. Nasema tu kwamba kujua kupiga ni jambo moja, na kujua kufundisha ni jingine. Gitaa la besi la umeme ni chombo kichanga: lile la Leo Fender wa California, ambalo ndilo lililoanza kuenea sana, lilitoka mwaka 1951. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mashuhuri za Motown huko Detroit katika miaka ya 1960, alizipiga nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Carol Kaye, aliyeanza kupiga besi studioni mwaka 1963 baada ya mpigaji mwingine kukosa kufika kazini, alitumia kipande kigumu cha kuchokolea nyuzi. Walimu wengi wa leo hufundisha vidole viwili vya kupokezana. Njia zote hizo zimezaa muziki mzuri. Kwa hiyo mwalimu akikuambia kwamba njia yake ndiyo pekee, na nyingine zote ni ujinga, mwogope. Lakini akikuambia, "Tutaanza na vidole viwili, na sababu yake ni hii," msikilize.

Yako mambo manne ambayo kijana wetu aweza kuyapima katika somo moja tu.

La kwanza, je, mwalimu alitaka kukusikia kabla ya kuanza kufundisha? Tabibu asiyeuliza waumwa wapi hawezi kukupa dawa ya ugonjwa wako.

La pili, je, aliitazama mikono yako? Katika magitaa mengi ya besi, sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa inchi 34, na nyuzi zenyewe ni nene. Mwenye mkono mdogo akilazimishwa kunyoosha vidole kupita kiasi huumia. Mwalimu mwangalifu atamwonyesha jinsi ya kulegeza mkono na kutokunja kifundo mno, au atamwanzisha juu zaidi shingoni ambako nafasi ni ndogo, au atamshauri atafute gitaa fupi la inchi 30. Ncha za vidole kuwaka moto siku za kwanza ni kawaida. Maumivu ya kifundo si ya kuvumiliwa.

La tatu, je, alikufundisha mwendo na kimya? Mwalimu wa besi asiyehesabu mapigo, wala asiyetumia metronomu au dramu, amekuacha nje ya mlango. Na asiyekufundisha kuzima nyuzi usizozipiga atakuachia sauti ya ngurumo isiyokoma.

La nne, je, ulitoka na kazi ya kufanya nyumbani, na sababu yake? Kijana huyu ana nyimbo za kupiga kila Jumapili. Mwalimu wa kweli atachukua wimbo mmoja kati ya hizo, amwonyeshe nota ya msingi ya kila badiliko, ili wimbo wa pili aweze kuutafuta mwenyewe. Anayekufundisha nyimbo tu bila kukueleza, anakufunga umrudie daima.

Zaidi ya hayo, omba kuwaona wanafunzi wake wakipiga. Mpishi hujulikana kwa chakula, na mwalimu kwa wanafunzi. Na ikiwa mwanafunzi bado ni mtoto, mzazi ahudhurie, au somo lifanyike mahali pa wazi.

Wengine watauliza juu ya masomo ya simu. Yana faida kwa aliye mbali na mji, lakini yafaa kujua upungufu wake. Uzi mnene kabisa wa besi, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa vema sauti ya chini namna hiyo. Tena sauti huchelewa njiani, hata mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja. Atakayejifunza kwa njia hiyo avae vipokea sauti vizuri vya masikioni, na mara kwa mara amtafute mtu wa karibu wa kumsikia uso kwa uso.

Sasa kwa kijana wetu. Usilipe miezi mitatu kwa mtu yeyote ambaye hajakusikia hata dakika tatu. Nenda kwa huyu wa pili, ulipie somo moja tu, umpime kwa mambo manne niliyoyataja. Akifaulu, endelea naye, ukilipa somo kwa somo hadi mzoeane. Asipofaulu, mshukuru uondoke. Mayai yako yaliyobaki bado ni yako. Na yule mwenye sifa usimwache kabisa: nenda umtazame akipiga mbele ya watu, usimame karibu na dramu, usikilize jinsi anavyongoja pigo. Hilo nalo ni somo.

Nawe utakaporudi kanisani, wenzako wakikuambia tena kwamba besi ni nyuzi nne tu, usibishane nao. Wape wimbo mmoja bila besi, kisha wimbo ule ule wewe ukiwa umeshika mwendo. Watajibiwa na masikio yao wenyewe.