Hadithi za Njia ya Misafara Zisimuliwe Mbele ya Wote

Kila inapotajwa njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, wako miongoni mwetu watu wa visiwani wanaodhani kuwa hiyo ni habari ya bara isiyotuhusu. Sisi hatuafiki. Bidhaa zilizobebwa katika njia hiyo zilikopeshwa hapa Unguja, na pembe zilizorudi ziliuzwa hapa Unguja. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa katika kisiwa hiki, baba yake akawa na makazi Tabora, na yeye mwenyewe akarudi kufia mjini hapa mwaka 1905. Wanyamwezi nao walivuka bahari kuja kuchuma karafuu, na wajukuu wao ni jirani zetu hadi leo. Hata jina la Ng'ambo, ambalo tunadhani ni la kwetu peke yetu, liko Tabora pia.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tangu hapo mazungumzo mengi ya wakubwa yamekuwa juu ya majengo: boma lipi likarabatiwe, mlango upi uhifadhiwe, kibao kipi kisimamishwe wapi. Hatupingi ukarabati. Tunalosema ni kwamba njia ile haikuwa ya kuta. Ilikuwa njia ya watu waliotembea miezi mitatu na zaidi na mizigo mabegani, na kila jioni wakaketi kuzungumza. Urithi wa mazungumzo hayo ndio unaotupotea, na hauwezi kurudishwa kwa chokaa.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857, aliandika kwamba kila kijiji cha Unyamwezi kilikuwa na nyumba ya baraza iliyoitwa iwanza. Wanaume walishinda humo, wakazungumza, wakala, na mara nyingi wakalala. Wanawake walikuwa na iwanza yao, na huko mgeni hakuruhusiwa kuingia. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Burton huyo huyo alipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir wa kabila la Harthi, mtu msomi aliyekuwa na vitabu vyake katikati ya nyika, naye ndiye aliyemsaidia kukusanya maneno ya lugha za huko. Mwislamu wa Oman na Mkristo wa Uingereza, wakizungumzia lugha ya watu walioabudu kwa njia ya mizimu ya wazee wao! Hatusemi kuwa walikuwa malaika. Mmoja alikuwa akitafuta pembe, na mwingine akitafuta sifa. Lakini barazani walisikilizana.

Tabora ilizidi kuwa mji wa dini nyingi kadiri miaka ilivyopita. Mapadri Weupe waliingia Unyanyembe kabla karne ya 19 haijaisha, na Kipalapala ikawa makao yao yenye kusifika. Wamoraviani waliipokea misheni ya Urambo mwaka 1898. Masheikh wa tarika ya Kadiria nao waliifanya Tabora kuwa kituo kikubwa cha dhikiri huko bara. Na juu ya hayo yote, Waswezi na waganga hawakuondoka. Matokeo yake ni kwamba leo katika ukoo mmoja utamkuta Hamisi na utamkuta Yosefu, na babu yao mmoja aliyezikwa kwa desturi isiyo ya yeyote kati yao. Watu hawa wanapofiwa huketi matanga pamoja. Moto huwashwa uani, kahawa hupita, na usiku unapokuwa mkubwa wazee huanza kusimulia. Huko Usukuma na Unyamwezi moto wa jioni ambao wazee waliwafunza vijana kwa hadithi huitwa shikome. Hakuna aliyeulizwa dini yake kabla ya kukaribishwa kwenye moto huo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe linalotutia wasiwasi. Mikusanyiko hiyo inapungua. Si kwamba watu wameacha kusimulia, bali kila kundi limeanza kusimulia peke yake. Msikitini inasemwa kwamba misafara ndiyo iliyoleta dini, maandishi na ustaarabu. Kanisani inasemwa kwamba misafara ilikuwa ya watumwa, na kwamba wamisionari walikuja kuikomesha. Shuleni mtoto hukaririshwa mishale kwenye ramani. Kila moja ya habari hizo ina ukweli ndani yake, na kila moja inapobaki peke yake hugeuka kuwa shutuma dhidi ya jirani asiyekuwepo kujibu. Hapa kwetu tunalijua vizuri jambo hili. Kanisa kuu la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kila siku wageni huelezwa habari za soko lile. Ni mara ngapi tumeketi sisi wenyewe, Waislamu na Wakristo wa mji huu, tukasimuliana habari hizo bila mgeni wa kututazama?

Habari ya njia ile haigawanyiki kwa urahisi kama wengi wanavyodhani. Wanyamwezi hawakungoja Mwarabu awafuate. Walikuwa wamekwisha fika pwani na pembe zao zamani, ilipokuwa karne ya 19 ikianza, kabla ya wafanyabiashara wa pwani kujenga Unyanyembe. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na kijana aliyekuwa hajaiona bahari alichekwa na wenzake. Wakati huo huo, katika njia hiyo hiyo, walipita watu waliofungwa minyororo, na miongoni mwa waliowauza walikuwamo Waarabu, Waswahili na watawala wa bara wenyewe. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia, vita hivyo havikuwa vya dini, bali vya biashara na madaraka. Mzee wa Urambo atavisimulia kama ushujaa. Mzee ambaye babu zake walikuwa Kwihara atavisimulia kama msiba. Tungependa kuwasikia wote wawili usiku mmoja, kwenye mkeka mmoja.

Chukua mfano mwingine. Mgeni anayefika Tabora hupelekwa Kwihara kuonyeshwa tembe ya Livingstone, ambaye alikaa hapo mwaka 1872. Ni mara chache huambiwa kwa kirefu habari za watu waliopita Unyanyembe mwaka uliofuata wakiubeba mwili wake. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright: majina yenyewe yanaonyesha jinsi msafara ule ulivyochanganyika. Wainwright, aliyesomeshwa na wamisionari huko India, ndiye aliyesoma sala mahali mzee yule alipofia. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliwashauri wauzike mwili papo hapo. Walikataa. Waliendelea nao hadi Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari mwaka 1874, na kutoka hapo mwili ukaletwa Unguja. Hadithi hii ni ya Waafrika waliomkatalia ofisa wa dola kubwa ili watimize ahadi yao. Ni aibu kwamba inasimuliwa kama tanbihi ya habari za mtu mwingine.

Wako watakaosema kuwa mambo ya utumwa yakifukuliwa mbele ya watu wa dini mbalimbali yataleta uhasama. Hofu hiyo haikosi msingi, lakini watu wa njia ile walikuwa na dawa yake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wataalamu wanauhusisha utani huo na misafara. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari za utani wa makabila ya Tanzania katika majalada kadhaa, na humo mtu ataona jinsi mahusiano hayo yalivyoenea. Mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu hathubutu. Msibani huingia akimcheka marehemu, akawataja wafiwa kwa ubahili wao na babu zao kwa wizi wao, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Watu waliobuni desturi kama hiyo hawakuwa wakikwepa ukweli mchungu. Walikuwa wamepata namna ya kuutamka bila kutoana damu. Ilikuwa Tabora pia, mwezi wa Januari mwaka 1958, ambako wanachama wa TANU wa dini zote walikutana wakiwa wamegawanyika vikali juu ya uchaguzi wa kura tatu, wakabishana, na wakatoka na uamuzi ambao hadi leo huitwa Uamuzi wa Busara.

Hata hivyo yako mambo yasiyochekwa, na hapo pana mpaka. Utumwa ulikomeshwa kisheria hapa Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Miaka hiyo si ya mbali. Wapo watu ambao wazee wao walificha walikotoka ili watoto wapate kuolewa na kuheshimiwa. Katika mkusanyiko wowote wa aina tunayoipendekeza isiruhusiwe mtu kuulizwa babu yake alikuwa nani wala bibi yake aliletwaje. Anayetaka kusema aseme. Anayenyamaza aachwe na kimya chake.

Tunazishauri wizara zinazohusika na utamaduni na mambo ya kale, za pande zote mbili za Muungano, pamoja na uongozi wa Mkoa wa Tabora, zianzishe mikutano ya kusimulia hadithi za njia ya misafara, na ya kwanza ifanyike Kwihara. Waalikwe masheikh na mapadri, wachungaji wa Moraviani na wazee wa mila, watu wa Urambo na watu wa Ujiji. Kutoka visiwani wapelekwe wazee wetu, wakiwemo wale ambao babu zao walikuja huku kuchuma karafuu. Mwaka unaofuata mkutano uwe hapa Unguja, nasi tuwe wenyeji.

Lakini tunaomba, na ombi hili tunalielekeza kwa maofisa wetu bila kuficha, kwamba pasiwe na mgeni rasmi. Tumeshuhudia shughuli nyingi za utamaduni zilivyokufa chini ya turubai. Wazee wanakaa juani tangu asubuhi, mgeni rasmi anafika saa sita, risala inasomwa, ngoma inapewa dakika tano, picha zinapigwa, na wazee wanarudishwa makwao bila kuulizwa neno. Hadithi haisimuliwi saa sita mchana wala haielekezwi kwenye meza kuu. Anayetaka kuisikia, awe mkuu wa mkoa au mchunga ng'ombe, aje usiku, aketi chini, na msimulizi akisema "Hadithi!" aitikie pamoja na wengine. Gharama yake ni kuni, unga, kahawa na nauli za wazee. Bajeti ya semina moja ya hotelini ingetosha kwa mikutano kadhaa.

Yanayosimuliwa yahifadhiwe. Visiwa hivi vina historia katika kazi hiyo, kwani ni hapa Unguja palipokuwa na makao ya EACROTANAL, kituo cha utafiti wa masimulizi na lugha za Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 Tanzania iliuridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika, na kwa hiyo hatuombi hisani, tunaomba ahadi itekelezwe. Nakala moja ya sauti zitakazorekodiwa iwekwe Tabora yenyewe, mahali ambapo mjukuu wa msimulizi anaweza kwenda kuisikiliza bila kupanda treni hadi Dar es Salaam.

Na hapa ndipo tunaporudi kwenye iwanza ya wanawake. Kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa kuingia humo, na karibu wote walioandika walikuwa wanaume, vitabu vyote tunavyovitegemea vimeandikwa kutoka barazani kwa wanaume. Wasifu wa Tippu Tip, Safari za Wasuaheli zilizochapishwa na Velten mwaka 1901, shajara za Wazungu, zote ni sauti za wanaume wanaohesabu pembe. Wanawake walitembea katika misafara ile. Walibeba vyungu na watoto, walipika, walifungwa minyororo, na baadhi yao walifanya biashara. Walichosimulia wakabaki nacho bibi zetu, wakawapa wajukuu jikoni. Kama wahusika watakusanya wazee kumi na wote wakawa wanaume wenye kofia na misalaba, tutakuwa tumeirudia kazi ya Burton baada ya zaidi ya miaka 160, tena bila ya bidii yake. Nusu ya wasimulizi wawe wanawake, nao wapewe usiku wao wenyewe wakitaka, na atakayerekodi usiku huo awe mwanamke.

Katika Unyamwezi mavuno huwa yamekwisha ifikapo mwezi wa Juni, mvua zimekatika, njia zinapitika na usiku una baridi ya kutosha kumvuta mtu karibu na moto. Katika majira hayo ndipo wapagazi nao walipofunga mizigo yao kuelekea pwani. Muda uliobaki kabla ya kiangazi kijacho unatosha kwa ofisi mbili kuandikiana barua, na unatosha pia kwa ofisi hizo kuendelea kungojana.