Chupa Moja, Chumba cha Watu Sita

Mama anayelea watoto Chaani au Migadini, hapa kwetu Changamwe, Mombasa, akikwambia haijui BBE, mshangae. Ni ile dawa nyeupe kama maziwa, yenye harufu isiyosahaulika, inayopakwa usiku kuanzia shingoni hadi nyayoni, siku tatu mfululizo. Ya mtoto huongezwa maji ili ipunguze makali, na bado atalia. Inaua wadudu wa upele, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hesabu: mgonjwa aliyeandikwa ni mmoja, chupa ni moja, na nyumbani wanalala sita.

Eneo la Port Reitz lina nyumba nyingi za vyumba vya kupanga, kila chumba familia yake, uani na choo ni vya wote. Mdudu wa upele jike huchimba juujuu ya ngozi na kutaga mayai mawili matatu kwa siku. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kujikuna. Kwa hiyo siku mtoto anapopelekwa zahanati, mdogo wake anayelala naye godoro moja, ngozi safi kabisa, huenda tayari anao. Aliyepona hurudi kwenye godoro lile lile. Wiki chache baadaye majirani wananong'ona kwamba mama yule hajui usafi.

Hilo la usafi ni uonevu. Upele hufuata msongamano. Anayeoga mara mbili kwa siku huupata vilevile akilala bega kwa bega na mwenye nao. Nguo na shuka zifuliwe, sawa, ila anayenunua maji kwa jerikeni anaweza pia kuzifungia kando wiki nzima, maana nje ya ngozi ya mtu mdudu huyu hufa baada ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, likikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 200 wanao wakati wowote ule. Kwetu Kenya, fomu ya muhtasari wa wagonjwa wa nje kwa muda mrefu imeuweka kwenye mstari mmoja na kila kidonda na kila ukurutu: magonjwa ya ngozi. Ugonjwa usio na mstari wake hauna bajeti yake.

Na dawa ya kumeza ipo. Jirani zetu wa Jomvu waliimeza mwaka 2018: ivermectin, pamoja na dawa nyingine mbili, katika kampeni ya kutokomeza matende na mabusha. Ivermectin hiyo hiyo huua wadudu wa upele. Huko Fiji, visiwa vilivyopewa ivermectin kwa jumla vilishuka kutoka watu 32 wenye upele katika kila 100 hadi 2 hivi, ndani ya mwaka mmoja. Mahali walipotibiwa wagonjwa na waliogusana nao tu, upele ulipungua kwa takriban nusu.

Je, tugawe vidonge Changamwe nzima kesho? Hapana. Wataalamu waliokutana Manila mwaka 2019 walishauri hatua hiyo pale upele unapofikia asilimia 10 ya watu, na asilimia hutoka kwenye kuhesabu. Tena ivermectin haiui mayai, hivyo lazima dozi ya pili, na wajawazito na watoto wasiofika kilo 15 hawapewi. Hao watabaki na dawa ya kupaka.

Kuhesabu hakuhitaji kungoja mradi wa wafadhili. Wahudumu wa afya wa jamii wanaingia majumbani, na tangu 2023 serikali imewapa simu za kuandikia. Waongeze swali moja: nani mwingine hapa anajikuna usiku? Kisha chupa zitolewe kwa idadi ya vichwa, na wote waanze kupaka usiku mmoja. Na chumba cha pili kiulizwe pia, kwa kuwa watoto wa uani mmoja hulala popote usingizi ulipowakuta.