Surua: Tisa kwa Kumi Haitoshi



Hesabu za kazi munazijua. Kabla ya kupiga baruti, mkubwa wa kazi anapima umbali, anahesabu dakika, anafunga njia. Hangoji jiwe limwangukie mtu ndipo aanze kuhesabu. Mbona ugonjwa wa watoto tunauachia bahati?

Tuchukue surua. Mahali ambapo hakuna mwenye kinga, mgonjwa mmoja anaambukiza watu 12 mpaka 18. Tuseme 15. Kama kati ya hao 15 mmoja tu hana kinga, mgonjwa anampa huyo mmoja, naye anampa mwingine mmoja. Ugonjwa hauendi mbali. Wakiwa wawili wasio na kinga, wawili wanazaa wanne, wanne wanazaa wanane, na kambi nzima inalia. Basi kinga lazima ipite 14 kwa 15, ni kusema 93 kwa 100. Ndiyo maana waganga wanataka 95.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hawalijui. Chanjo ya miezi 9 inakinga kama watoto 85 kwa 100. Hata tukiwachanja wote mara moja, bila kumwacha hata mmoja, hatufiki 93! Mama anayesema "wangu amekwisha kuchanjwa" hadanganyi, lakini kazi imefika nusu. Chanjo ya pili, mtoto akitimiza miezi 15, ndiyo inayowapa kinga wengi wa wale waliobaki.

Musifikiri hesabu hizi ni za Ulaya tu. Kasongo, kwa jirani zetu, kikundi cha waganga kilifuata watoto wa miezi 7 mpaka 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, na mwaka 1981 matokeo yakatoka katika gazeti la waganga, The Lancet. Waliochanjwa walibaki hai wengi zaidi. Kikundi kilishuku kwamba baadhi ya waliookoka surua walikufa baadaye kwa magonjwa mengine. Waganga wengine wakabisha. Mimi naona hata kama ni kweli, dawa yake ni kumlisha mtoto vizuri, si kumnyima chanjo.

Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, katika Kongo nzima, watu zaidi ya 300,000 walishukiwa kuwa na surua, na zaidi ya 6,000 walikufa.

Huku Kabambare hesabu inaharibika upesi, kwa sababu dhahabu inaita watu. Jamaa wapya wanafika Salamabila na watoto wao, na kambi iliyokuwa na 95 inaweza kushuka bila mzazi yeyote kukataa chanjo. Kwa hiyo nasema: karani anayeandika jina la mtumikaji mpya aulize siku hiyohiyo, watoto ni wangapi, wamechanjwa mara ngapi? Asiye na karatasi apelekwe dispanseri kabla baba hajaanza kazi. Kama karatasi ilipotea, mtoto achanjwe tena. Chanjo ya ziada haimdhuru.