Tope la Balangida Linataka Wasomaji

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali ambapo nyanda za juu za Mbulu zinakoma na Mlima Hanang unasimama peke yake hadi kimo cha mita zaidi ya 3,400, liko Ziwa Balangida, lenye kina kifupi na maji ya chumvi, ambalo ikija miaka ya ukame hupungua hata likabakia uwanja mweupe. Na mtu akizunguka katika wilaya hizo mbili za Mbulu na Hanang, ambazo kila moja ina kata iitwayo Gehandu, atakuta maji ya kila namna: Ziwa Basotu lililotulia katika shimo la volkano ya kale, Ziwa Tlawi huko juu kwenye baridi, chemchemi zitokazo chini ya misitu, malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo, na vidimbwi vya masika ambavyo umri wake ni majuma machache tu. Wairaqw na Wadatoga wameyajua maji hayo tangu dahari kwa manufaa yake, wakinywesha ng'ombe, wakikusanya chumvi. Lakini iko elimu nyingine ambayo haimo katika maji yenyewe bali katika tope lililo chini yake, na makala hii naiandika kwa kusudi la kudai kwamba elimu hiyo ifundishwe na kufanyiwa kazi hapa hapa, na watu wa hapa, wala isimngoje mgeni.

Tope hilo lina wakazi ambao jicho tupu haliwapati kwa urahisi. Wataalamu huwatambua kwanza kwa ukubwa: ni wanyama wasio na uti wa mgongo, wapitao katika tundu za chekeche la milimita moja, kisha wakazuiliwa na chekeche jingine lenye tundu ndogo mno, za mikromita 40 hivi au 63, na kundi hilo lote Molly Mare wa Uingereza alilitenga na kulipa jina la pamoja mwaka 1942. Wamo nematodi, yaani minyoo myembamba isiyo na pingili, ambao aghalabu huwapita wengine wote kwa wingi, hata katika mita moja ya mraba ya tope la bahari huweza kuhesabiwa milioni moja na zaidi. Wamo ostrakodi, ambao kila mmoja amejifungia ndani ya kombe mbili za chokaa mithili ya chaza. Wamo kopepodi, jamaa wa kamba na kaa. Wamo rotifa, wapigao vinyweleo vya kichwani hata chakula kikavutwa kinywani. Na wamo tardigradi wenye miguu minane, watambaao polepole juu ya chembe za mchanga. Najua kwamba minyoo ikitajwa fikira ya msomaji hukimbilia ugonjwa. Walakini inayowadhuru watu ni sehemu ndogo tu ya ukoo mkubwa, na jamaa zake walio wengi huishi kwa uhuru udongoni na topeni, wakila bakteria na mwani, wakaliwa na samaki wachanga, bila ya kumgusa mtu. Spishi za nematodi zilizokwisha kupewa majina duniani zinakaribia 30,000, na wajuzi wanakadiria kuwa zisizo na majina zinazidi hizo mara nyingi.

Katika historia ya elimu hii yuko mtu mmoja ambaye kisa chake kinaihusu Gehandu kuliko mtu adhaniavyo. Georg Ossian Sars, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Christiania nchini Norway, mji ambao leo huitwa Oslo, alikuwa akipokea katika miaka ya 1880 tope kavu lililochukuliwa katika vidimbwi vya Australia, lililosafiri baharini kwa majuma mengi likiwa gumu na limepasuka, naye akalitia katika vyombo vya maji na kungoja. Na baada ya muda mayai yaliyokuwa yamelala ndani ya vumbi yakaanguliwa, na wanyama wa nchi ya jua kali wakaogelea mbele ya macho yake katika baridi ya kaskazini. Akawachora kwa mkono wake mwenyewe, kwa ustadi ambao hata leo wachache wanaufikia, akawapa majina na kuwatangaza, ilhali nchi walikotoka hakuikanyaga. Baadaye alifanya vivyo hivyo kwa tope la Afrika Kusini. Kisha W. A. Cunnington aliporudi Uingereza kutoka Ziwa Tanganyika, ambako aliongoza safari ya tatu ya utafiti mwaka 1904 na 1905, kopepodi na ostrakodi aliowakusanya walipelekwa kwa Sars huyo huyo, na taarifa zake juu yao zikachapishwa London mwaka 1909 na 1910. Na rotifa wakaangukia mikononi mwa Charles Rousselet.

Simlaumu Sars, wala Cunnington. Kila mmoja aliifanya kazi yake kwa uaminifu, na mtu atakaye kujua ostrakodi wa Tanganyika leo hana budi kuanza kwa kurasa zao. Ninalolililia ni kwamba zaidi ya miaka mia moja imepita, nasi tungali tunaiona ile njia ya zamani, ya tope kusafiri kwenda Ulaya na jina kurudi likiwa limekwisha chapishwa, kuwa ndiyo njia ya kawaida. Hata kijana wa Kitanzania apendaye kufanya kazi hii aghalabu hulazimika kuwafuata wanyama wa kwao katika makabati ya ng'ambo.

Na jambo lenyewe alilolifanya Sars halihitaji utajiri. Mwalimu wa biolojia katika shule yoyote ya sekondari ya Mbulu au Hanang aweza, katika kiangazi, kuwatuma wanafunzi wake wakabandue magamba ya tope kavu katika kidimbwi kilichokauka, wayaandikie mahali na tarehe, kisha wayatie katika ndoo yenye maji ya mvua yasiyotiwa dawa, waiweke penye mwanga, na waitazame kila siku. Katika siku chache hadi majuma mawili matatu wataanza kuona nukta ziendazo. Nchi yenye majira mawili, moja la maji na moja la vumbi, ina wanyama waliojifunza kusubiri: ostrakodi na kopepodi wengi hutaga mayai au kujilaza katika hali isiyohofu ukavu, na rotifa wa jamii moja hukunjamana na kukauka mwili mzima, kisha wakafufuka wakipata maji. Mwaka 2021 wataalamu wa Urusi walitangaza kwamba rotifa wa namna hiyo, waliotolewa katika ardhi iliyoganda ya Siberia na kukadiriwa kuwa wamelala humo miaka 24,000, walirejea uhai na kuzaa. Mwanafunzi aliyeyaona maisha yakitoka katika vumbi la kwao hahitaji kushawishiwa kwamba sayansi ni kitu cha kweli.

Kuona, hata hivyo, ni mwanzo tu, na hapa ndipo penye uzito wa jambo. Anayetaka kumpa mnyama jina huchukua tope kwa bomba lililokatwa mdomo, akalishindilia kwa wima ili tabaka zisivurugike, kwani wakazi wa sentimita ya juu si wale wa sentimita ya tano. Hulihifadhi kwa fomalini au spiriti, hulichekecha, hulitia rangi nyekundu inayoshika miili na kuacha mchanga, kisha huwaokota wanyama mmoja mmoja kwa sindano chini ya hadubini. Nematodi mmoja huhamishiwa taratibu katika gliserini na kulazwa juu ya kioo. Ndipo hutazamwa umbo la kinywa chake, meno kama anayo, urefu wa koo, mkia, na vijimiba ambavyo dume huvitumia katika kupandana, na kila sehemu hupimwa na kuchorwa. Ostrakodi hupasuliwa kombe, na miguu yake, myembamba kuliko unywele, hutengwa mguu kwa mguu. Baada ya hayo yote mchunguzi hulinganisha na maelezo ya spishi zote zilizotangulia, mengine yakiwa katika majarida ya karne ya kumi na tisa na kwa lugha asizozijua, na akiridhika kuwa mnyama wake hana jina, humteua mmoja awe kielelezo cha spishi milele. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, zinazohesabu majina tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, hulazimisha kwa spishi yoyote itangazwayo baada ya mwaka 1999 kwamba kielelezo hicho kitajwe bayana pamoja na mahali kitakapowekwa. Lakini kanuni haziamuru kiwekwe katika nchi mnyama alimotoka. Hilo wameachiwa watu waamue, na sisi kwa muda mrefu hatukuamua.

Wapo Waafrika waliokwisha kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Eyualem Abebe wa Ethiopia alianza na nematodi wa maziwa ya nchi yake, akaja kuwa mmoja wa wahariri wa kitabu kikubwa cha dunia nzima juu ya nematodi wa maji matamu, kilichotoka mwaka 2006. Agnes Muthumbi wa Kenya, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, alieleza spishi mpya za nematodi kutoka kina kirefu cha Bahari ya Hindi mwaka 1997. Na kwetu Tanzania, Simon Ndaro alishirikiana na Emil Ólafsson kuchunguza wanyama wa mchangani Unguja, na katika makala yao ya mwaka 1995, pamoja na Ron Johnstone, walipima taathira ya kilimo cha mwani juu ya wanyama hao, wakakuta kwamba penye mashamba ya mwani idadi yao ilipungua. Mtu asome jambo hilo kwa makini: kilimo kilichowapa wanawake wa pwani riziki kilikuwa na upande wake usioonekana, na walioufichua ni minyoo na kopepodi.

Mfano wa bara ni mzito zaidi kwa watu wa Gehandu. Andrew Cohen na wenzake walichunguza Ziwa Tanganyika, wakalinganisha fukwe ambazo milima yake imekatwa miti na zile ambazo misitu yake ingalipo, nao wakatangaza mwaka 1993 kwamba pale udongo ulipokuwa ukimiminika ziwani kutoka mashambani, spishi za ostrakodi zilikuwa pungufu sana. Ostrakodi ni shahidi aliye bora kwa kuwa kombe zake za chokaa hubaki katika mashapo baada ya yeye kufa, na kemia ya kombe hizo huhifadhi habari za maji aliyoishi, yalikuwa na chumvi kiasi gani. Katika Balangida, ziwa ambalo hujaa na kukauka, mashapo ya namna hiyo yaweza kueleza ni lini mvua zilikuwa nyingi na ni lini zilikosekana, kwa muda unaopita kumbukumbu ya mzee yeyote. Lakini shahidi huyo hawezi kusikilizwa na mtu asiyejua kumtofautisha ostrakodi wa maji matamu na yule wa maji ya magadi.

Nchi hii ina sababu ya pekee ya kujali mashapo. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang uliteremsha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji jirani, na watu wengi wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tope la siku ile lilionekana na ulimwengu wote. Lakini liko tope jingine lisilopigwa picha, literemkalo kidogo kidogo kila masika kutoka miteremko iliyolimwa na njia za mifugo, nalo huishia katika malambo na maziwa, likifunika wanyama ambao samaki wachanga wa Basotu huwategemea kwa chakula. Kupima jinsi wanyama hao wanavyobadilika mwaka hata mwaka ni njia rahisi ya kujua ardhi inavyochoka, nayo haitaki mitambo ya thamani kubwa, inataka mtu ajuaye.

Nitaambiwa kwamba Gehandu inahitaji maji ya bomba, barabara na dawa kabla ya ostrakodi. Hoja hiyo naiheshimu, wala sitaki shilingi ya dawa igeuzwe kuwa shilingi ya hadubini. Nasema tu kwamba hadubini zimo tayari katika maabara za hospitali, na mafundi wake wamezoea kutambua vijidudu kwa umbo kila siku. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwapo tangu mwaka 1955, na watu wenye ustadi wa jicho si wageni katika wilaya hizo. Kilichokosekana ni mtu mmoja au wawili kulipwa mshahara kwa miaka mingi mfululizo ili wawe mabingwa wa kundi moja la wanyama, kwa maana bingwa wa nematodi hapatikani kwa semina ya siku tatu. Humchukua mtu miaka kumi kuliamini jicho lake.

Mahali pa kuweka vielelezo napo papo. Arusha ina Makumbusho ya Historia ya Asilia katika boma la zamani la Wajerumani, nayo iko karibu na Mbulu kuliko Dar es Salaam, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iko mkoa huo huo. Naomba makumbusho hayo yapewe chumba chenye kabati za chuma na daftari la namba, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ndiyo hutoa vibali vya utafiti, iweke sharti kwamba mgeni yeyote achukuaye tope katika maji yetu aache Arusha nusu ya vioo vyake, na kielelezo cha kila spishi mpya kibaki nchini. Halmashauri za Mbulu na Hanang nazo zaweza kuanza kabla ya masika yajayo: zichague vidimbwi vichache na malambo machache, shule zilizo karibu zikusanye tope kavu kwa tarehe moja kila mwaka, na mifuko hiyo, ikiwa na mahali na siku vilivyoandikwa kwa wino usiofutika, ipelekwe Arusha.