Adui ana majina, rafiki hana

Wakulima wengi nchini humwita dumuzi "Osama". Wenzao wa Tanzania walitangulia kumwita "Scania", kwa jina la lori. Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa wadudu, lakini majina haya yamenishughulisha. Ni majina ya hofu, na mwenye hofu hutaka ushindi wa siku moja.

Asili ya dumuzi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1983 alikwisha kuvuka mpaka akaingia Taveta. Hutoboa gunzi na punje hadi mwenye ghala akabaki na unga usiolika. Isitoshe, huishi pia katika miti porini. Hata ukilisafisha ghala lako likang'ara, wengine wataruka kutoka huko wakurudie.

Ndiposa mnamo 1992 watafiti wakamleta na kumwachilia humu nchini adui wake wa asili, mdudu mdogo mweusi ambaye wanasayansi humwita Teretrius nigrescens. Huyu hula mayai na mabuu ya dumuzi. Ajabu ni kwamba humpata kwa kufuata harufu ileile ambayo dumuzi dume huitoa kuwaita wenzake! Katika nyanda za joto kama Kiboko, dumuzi walipungua. Kwenye maeneo ya baridi, manufaa hayakuwa makubwa.

Hapa ndipo tunapokosea, sisi na viongozi wetu. Mdudu huyu huzaana polepole kuliko dumuzi, hivyo hawezi kuliokoa gunia lililokwisha kuvamiwa. Kazi yake ni kuwapunguza dumuzi katika eneo zima, mwaka baada ya mwaka, huku mkulima akiendelea kukausha mahindi yake barabara na kuyahifadhi katika magunia yasiyopitisha hewa. Anayemdai miujiza ya msimu mmoja humdhulumu, na anayekimbilia dawa ya unga kwa kila jambo huweza kumuua pamoja na dumuzi. Utafiti wa aina hii wahitaji fedha za miaka mingi, si za kipindi kimoja cha uchaguzi.

Majuzi nilimwonyesha shangazi yangu picha ya mdudu huyo. Akakiri kwamba amewaponda wengi wa namna hiyo ghalani mwake, akidhani ni watoto wa Osama. Kisha akaniuliza anaitwaje kwa Kiswahili. Sikuwa na jibu.