FUNDI WA FAMILIA: Mashini haijafa, iko na njaa tu

Mwezi huu tunaongea juu ya kompyuta ya mezani, na hasa juu ya plagi moja ndogo ambayo wengi wanaisahau.

Mama mmoja jirani yetu aliungana na wenzake watatu, wakaweka akiba, wakanunua kompyuta iliyotumika ili wawaandikie watu barua na kujaza fomu. Siku moja kijana akaifungua kutoa vumbi, akachomoa nyaya, akazirudisha. Toka siku hiyo feni zinazunguka, taa inawaka, lakini skrini nyeusi kabisa. Wakaita fundi. Akatazama kidogo akasema ubao mama, yaani mazabodi, umeungua, yuko tayari kuichukua kwa bei ya chuma chakavu. Akina mama walikuwa wamekwisha kukubali.

Mmoja wao akasema tuione kwanza sisi. Tulipofungua tukakuta plagi ya nyaya nne inaning'inia karibu na prosesa. Tukaichomeka, tukawasha, skrini ikafunguka. Mama akakaa chini kwanza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo haikufa?" Hapana mama, ilikuwa na njaa tu.

Tueleze basi. Kile kisanduku cha chuma chenye feni nyuma ya kompyuta, yaani pawasaplai, kinagawa umeme kwa vyombo vyote. Plagi kubwa ya matundu 24 (za zamani 20) inalisha ubao mama. Lakini prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashini, inakula kwa sahani yake mwenyewe. Plagi yake ina matundu 4 au 8, na tundu la kuichomeka huwa pembeni mwa soketi ya prosesa, mara nyingi kwenye kona ya juu. Hapo utaona herufi kama CPU, ATX12V au EPS12V.

Kwa nini sahani ya peke yake? Desturi hii ilianza mwaka 2000, wakati wa Pentium 4, kwa sababu prosesa zilianza kula sana. Chukua prosesa ya wati 96. Ukiipelekea umeme wa volti 12, ni ampea 8 tu, waya wa kawaida unabeba. Ukiupeleka kwa volti 1.2 ni ampea 80, na waya ungetakiwa kuwa mnene kama kidole. Kwa hiyo umeme unafika na volti 12, halafu vifaa vidogo vilivyo kando ya soketi vinaushusha hadi karibu volti 1. Plagi isipochomekwa, feni zitazunguka kwa sababu zinakula kwingine, lakini prosesa haipati kitu.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kisanduku cha pawasaplai usikifungue kabisa. Ndani yake umeme hatari unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa.

Pili, tambua plagi kwa rangi. Ya prosesa ya matundu 4 ina nyaya mbili za njano na mbili nyeusi. Ya 8 ina nne za njano na nne nyeusi, na mara nyingi inagawanyika nne kwa nne. Angalia pia kibanio chake cha plastiki: njano ziko upande wa kibanio.

Tatu, jihadhari na ndugu zake wawili wanaofanana nayo. Wa kwanza ni kipande cha nne kinachotoka kwenye plagi kubwa. Hicho kina rangi nne mbalimbali: njano, nyekundu, ya machungwa na nyeusi. Si chakula cha prosesa. Wa pili ni plagi ya kadi ya picha, nayo ina matundu 8, lakini njano ni tatu na nyeusi tano, inagawanyika sita na mbili, na upande wa kibanio ni nyeusi. Ukiilazimisha kwa prosesa, njano inakutana na nyeusi, hapo ni shoti. Pawasaplai nyingine nyaya zote ni nyeusi. Basi soma maandishi kwenye plagi: CPU ni ya prosesa, PCI-E ni ya kadi.

Nne, usitumie nguvu. Vijitundu vingine ni vya mraba, vingine vimekatwa kona, ili plagi isiingie vibaya. Ikikataa, itoe uangalie tena. Ikikubali utasikia "tak", kibanio kikishika.

Wenye mashini kubwa za seva zenye soketi mbili za prosesa, kumbukeni kwamba mara nyingi kila prosesa ina tundu lake la umeme. Usilishe mmoja ukamwacha mwenzake.

Hatusemi kila skrini nyeusi ni plagi hii. Inaweza kuwa memori, inaweza kuwa kweli ubao umeungua. Lakini kuangalia plagi hakuna gharama, na kuuza mashini nzima kama chuma ni hasara ya familia. Mtu akikuambia imekufa, mwombe kwa heshima: "Fundi, nionyeshe kwanza plagi ya prosesa." Fundi mwema hatakasirika.

Wale akina mama wanne wanaendelea na kazi yao ya barua. Na yule kijana sasa, kabla ya kuchomoa waya wowote, anachora kwanza kwenye karatasi kila plagi ilipokaa. Tumependa, nasi tumeanza kufanya hivyo.

Tuonane mwezi ujao. Kaeni salama.