Breki za Ngoma: Tatizo ni Joto

Wenye Peugeot 404 za awali, aina iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, hulalamika kuwa breki zake za ngoma ni dhaifu, nao hukimbilia kufunga kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu. Kwa maoni yangu wanaanzia mwisho. Gari lenye kilo 1200 pamoja na abiria, likienda kilomita 80 kwa saa, lina nishati ya mwendo ipatayo jouli 300,000. Breki zikilisimamisha, karibu yote hugeuka joto. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na shuu zake, na msuguano wenyewe hupungua. Kifaa kile hurahisisha kukanyaga tu. Hakiondoi hata jouli moja. Kwanza shuu zirekebishwe zigusane na ngoma kwa upana wake wote, ngoma iliyolika kupita kipimo ibadilishwe, na mteremkoni dereva atumie gia nzito. (Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kamwe, kwani huenda lina asbesto.) Mwanafunzi na akokotoe mwenyewe: kwa kilomita 40 kwa saa, joto ni robo tu.